Jani la Sale na Ukoo wa Jina Lake

Juzi, kwenye bustani ya miche pale Soweto, Moshi, nilikuta sale likiuzwa ndani ya chungu, na kibandiko kimeandikwa "Dracaena". Sale, rafiki yangu, ni ule mmea wa majani marefu tuliozungushia vihamba vyetu, yaani mashamba ya migomba na kahawa ya nyumbani.

Nikafungua kamusi. Twende polepole. Waingereza walilitoa jina hilo kwenye Kilatini, nacho kililitoa kwa Wagiriki, ambao kwao lilikuwa joka jike. Mti mmoja wa ukoo huo hutoa utomvu mwekundu, watu wakauita damu ya joka. Wapo wanaolifuata mbali zaidi, hadi kwenye kitenzi cha kukaza macho, kwani joka hutazama bila kupepesa.

Hapo nikajiona nina miaka tisa.

Zamu ya maji ya mfereji ilikuwa ya jirani yetu. Mimi, katika kuchezea tope, niliyafungulia yaingie kwetu, nikasahau kuyarudisha. Kufikia zamu iliyofuata, maharage yake yalikuwa yamenyauka. Akaacha kumsalimu bibi, mwenzake wa miaka yote wa kukata majani ya ng'ombe. Bibi akawa anakwenda peke yake.

Asubuhi moja akakata jani la sale, akalipiga fundo kama ilivyo mila yetu ya kuomba radhi, akanipa nimpelekee jirani. "Anayeletewa sale hakatai," alisema siku zote. Siku hiyo aliyasema hayo kwa sauti ndogo, na ndizi zake zikapoa sahanini.

Nilimkuta jirani akikamua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mwizi wa maji, leo umefuata maziwa?"

Nikanyoosha jani. Akanikazia macho.

"Bibi yako hana miguu?"

"Anayo, mama. Kosa ni langu."

Maziwa yaliendelea kulia ndooni, chwa, chwa. Kisha akafuta mikono kwenye khanga, akalipokea.

"Mwambie kesho tutoke mapema, jua lisitukute."

Nilikimbia hadi nyumbani.

Wote wawili wametangulia, na mfereji umekauka. Mwezi uliopita nilimkosea jirani yangu wa sasa kwa maneno makali. Sikujua nimpelekee nini, nikamwandikia ujumbe kwenye simu. Ujumbe hauna mila ya kumzuia mtu kukataa. Aliusoma siku ileile. Mpaka leo hajajibu, na kila simu ikilia, naikimbilia.