Mshale wa Urithi

Jumatatu nilikwenda ofisi moja ya ardhi mjini Kilifi. Karani mpya alikuwa ametundika vibao vya mishale ukumbini: Mipaka, Hati, Urithi. Mama mmoja wa Kibarani alisoma, akapita moja kwa moja.

Karani mzee aliyekaa mlangoni akasonya. “Zamani wote walianzia kwangu,” akaniambia. “Shikamoo kwanza, habari za nyumbani, ndipo niwaelekeze. Sasa hata mahamri waliyokuwa wakiniletea yapelekwa kwa yule karani mpya.”

“Lakini wafika upesi, mzee.”

“Kwani kwangu walikuwa hawafiki?”

Nilipotoka, kibao cha Urithi kilikuwa kimegeuzwa, mshale waelekea kitini pake. Watu walipanga foleni kumpa shikamoo, naye uso umemkunjuka.

“Marahaba,” akamwambia wa kwanza. “Pole, mwanangu. Umepotea?”