Pini ya Goti la Mzee Lado

Niseme mapema kabla hujasikia kwa mwingine: mimi ndiye yule injinia aliyemwangusha Mzee Lado mbele ya nusu ya soko la Custom, na ukikutana na mtu wa Juba akakusimulia habari hii huku akicheka, usimkatize, karibu yote ni kweli (isipokuwa kwamba nilikimbia, sikukimbia, ingawa nilitamani).

Ilikuwa miaka ile baada ya mkataba wa amani, kila mtu anarudi nyumbani na kila mtu anafungua kitu. Mimi nilirudi kutoka Nairobi na digrii ya uhandisi na tabia ya kuuliza "nani kasema?" kwa kila jambo, tabia iliyomchosha mama yangu, kisha mchungaji wetu, kisha Mama Nakato, Mganda mwenye karakana pale Custom aliyeniajiri. Mama Nakato alikuwa ameleta vifaa vipya: mashine ya kukereza chuma, yenye taya tatu zinazobana kitu katikati kabisa kisiyumbe, na mikromita ya tarakimu inayoweza kupima hata unene wa unywele. Akaandaa uzinduzi, akaalika wenye malori, vijana wa boda na mchungaji, akanunua soda.

Yeye alitaka nikereze bolti tu, watu waone, wanywe, waende. Ni mimi niliyesema bolti haimgusi mtu moyo. Nikamleta Mzee Lado.

Mzee Lado alikuwa jirani yetu mtaani Mangateen, mwanajeshi wa zamani, mguu wake wa kushoto ni wa bandia kuanzia juu ya goti, aliwekewa hospitalini Kenya, na Kiswahili alikipata hukohuko. Pini ya goti, ile ya chuma inayoliunga, ilikuwa imelika, goti likawa linacheza, akarudia magongo. Na siku moja baada ya uzinduzi, Jumamosi, binti yake Poni alikuwa anaolewa katika kanisa moja kule Gumbo.

"Ya weled," aliniambia (ndivyo anavyowaita vijana wote), "mimi nataka kitu moja. Nipeleke mtoto yangu mpaka altare na miguu yangu. Bila magongo. Khalas, basi."

Nikamwambia nitamkerezea pini mpya mbele ya wageni, na atacheza mpaka dansi.

Basi siku ikafika, wageni wamejaa, na Mama Nakato akaninong'oneza nisiwarushie maji ya kupoozea mashine, watu wamevaa nguo za heshima. Nikakereza kavu. Chenga zikatoka za buluu kwa joto, na pini ilipotoka iliniunguza kupitia kitambaa. Chuma cha moto huwa kimevimba, hilo nililisoma mwaka wa kwanza, nikaulizwa kwenye mtihani, nikapata. Lakini mchungaji alikuwa ameshasema amina, macho yote yako kwangu, nikaipima palepale. Tarakimu zikatulia kwenye kipimo nilichokitaka, sawasawa. Mimi ninayemhoji kila mtu, ile namba sikuiuliza kitu.

Kibaya zaidi, nikaipitisha pini mkono kwa mkono ili kila mgeni aione inavyong'aa. Ilipomaliza kuzunguka ilikuwa imepoa, na ikipoa inasinyaa. Nikaisukuma kwenye goti kwa kidole gumba, ikaingia laini kabisa. Ilipaswa kunigomea. Pini ya namna ile huingia kwa shida, na hiyo shida ndiyo inayoishika isitoke. Mimi nikaona ulaini ule ndio ufundi wenyewe.

"Gonga yeye kidogo huko mwisho," Mama Nakato akasema. "Sisi hapa nagonganga." Karakana zote za Custom hufanya hivyo, pini ikishaingia wanazipiga ncha zake zitanuke.

"Mama, huko ni kubahatisha," nikamjibu mbele ya wateja wake. "Kitu kilichopimwa hakigongwi."

Akageuka kuwagawia wageni soda. Watu wakanipigia makofi.

Mzee Lado akasimama, akawapa vijana magongo yake, akatembea mpaka langoni na kurudi. Wanawake wakapiga vigelegele. Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na la kusimulia. Lakini dereva mmoja wa lori la Nimule akapaza sauti: "Chini hapo hata mtoto anatembea! Apande gari basi, tuone!"

Mzee Lado akanigeukia. "Ya weled, nipande?"

"Panda, mzee. Hilo goti ni zima kuliko langu."

Akaweka mguu ule kwenye ngazi ya lori, akauegemea wote. Nikaona pini inachungulia pembeni ya goti, inatoka taratibu kana kwamba inaitwa, nikafungua mdomo, na akaanguka. Meza ya soda ikaenda naye. Mguu ulipinda ndani ya suruali, kiatu kikatazama nyuma.

Kisha kijana wa boda akasema, "Injinia, mguu imekataa digrii!" na kicheko kikalipuka. Mzee Lado peke yake hakucheka. Alikuwa anaushusha upindo wa suruali yake, polepole, ili watu wasione.

Sikio la goti linaloshika pini lilikuwa limepasuka, na kitu kile hakichomelewi, kinaagizwa Kenya. Tulimkalisha juu ya tairi. Nikaanza kumwomba msamaha, kwa Kiswahili, kwa Kiarabu, mpaka Kiingereza, akanyoosha mkono ninyamaze.

"Simama hapa."

Nikasimama. Akaweka kiganja begani kwangu, akaegemea, akapima.

"Kwes, sawa. Kesho vaa shati safi."

Kwa hiyo Jumamosi, kanisa likiwa limejaa, tuliingia watatu: Poni kulia kwake, mimi kushoto, nimebeba uzito wake kwapani, jasho linanitiririka. Vijana wa boda walikuwa benchi la nyuma, na mmoja akanong'ona kwa sauti ya kusikika, "Injinia ameleta pini ingine." Mzee Lado alitazama mbele tu. Poni naye alikuwa analia, na sijui kama ilikuwa furaha, sikuthubutu kuuliza.

Nimeapa sitapima tena chuma ambacho hakijapoa, hata mteja apige meza, hata awe na haraka ya ndege. Kinatoka mashineni, nakiweka kivulini, nakaa mbali nacho. Na pini nikishaipima, Mama Nakato akisema tugonge, tunagonga. Mzee Lado alipopata goti jipya nilimkerezea pini nyingine, ikakaa vizuri, akatembea nayo mpaka kwake bila kuliegemea bega langu. Lakini Poni alikuwa ameshaolewa.