Jina la Mzee Chen Juu ya Keki

Aibu hii sijawahi kuisimulia yote, maana kila nikifika penye keki huwa nabadilisha mazungumzo. Nilitoka Nyeri nikaenda Nairobi, nikalinda mageti Dubai, nikaosha magari Houston, mwishowe nikajikuta kwenye baridi ya Minneapolis (mtu wa kuhamahama haulizwi sababu), nimepanga chumba Columbia Heights na kupanda mabasi mawili hadi Plymouth kumhudumia Mzee Chen, ambaye moyo wake ulikuwa umechoka na ambaye hakukubali kulishwa uji wake wa mchele na mtu mwingine ila mimi.

Kilichotuunganisha ni kukumbuka kwetu. Aliniambia Chen ilikuwa nchi huko China, zamani sana, ikamezwa na majirani, na watu wake wakalifanya jina lake kuwa la ukoo ili lisipotee. "Nchi ilikufa, sisi tunaibeba," alisema. Nami nikamweleza kwamba kwetu mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la babu yake. Akatabasamu tu. Nikadhani amekubali.

Mwanawe, Kevin, alipopata mtoto wa kiume, walingoja mwezi utimie ndipo wakaita ndugu, wakapika, wakagawa mayai yaliyotiwa rangi nyekundu. Jina la mtoto sikuwa nimelisikia, na sikuuliza. Nilinakili jina la mzee mwenyewe, si lile la ukoo, kutoka kwenye chupa yake ya dawa nikampelekea Mama Shiro wa Brooklyn Park, anayetuokea keki za harusi.

"Una uhakika, Kariuki?"

"Mama Shiro, babu yupo, mtoto yupo. Jina litaenda wapi? Wewe andika."

Nikaifungua keki mbele ya ukoo mzima. Wakatazamana. Badala ya kukaa chini nikadhani machozi ya furaha yako njiani, nikatoa hotuba, kisha (Mungu anisamehe) nikamchukua mtoto kwa mama yake, nikamlaza mapajani pa mzee na kumwita kwa jina la mzee, halafu nikarudia kwa sauti ili na walio jikoni wasikie.

Kevin akaninyang'anya mtoto. "Kwetu jina la baba hata mimi silitamki, na mtoto hapewi. Unamwambia mgonjwa aondoke, wa kushika nafasi yake ameshafika?"

Mzee aliitazama keki, kisha akanitazama mimi.

"Kariuki," akasema polepole, "mimi bado nipo."

Jioni nilimpelekea uji, akageukia ukutani. Kesho yake vilevile. Wakaniambia nisirudi. Alifariki kabla theluji haijayeyuka, na mama aliyeshika zamu yangu akanieleza kwamba uji hakuugusa tena.

Mazishini sikuitwa. Siku hiyo nilipanda basi la kwenda Seattle na sanduku langu, na Minneapolis sijaikanyaga tena. Sasa nikionyeshwa mtoto wa mtu nasema ni mzuri, nauliza anaitwa nani, kisha nanyamaza. Na mmeona wenyewe, zaidi ya lile la ukoo, jina la mzee sijalitaja.