Fimbo ya Verlin Amstutz

Kwa misimu ishirini na saba Verlin Amstutz alishika fimbo ya mbele pembeni mwa uwanja wa futiboli ya Kimarekani wa chuo cha Fallow Creek, Ohio. Rafiki yake Merle Stauffer alishika ya nyuma, na kati yao ulinyooshwa mnyororo wa yadi kumi, umbali ambao timu hupewa majaribio manne kuumaliza. Malipo yao yalikuwa kizibao cha rangi ya chungwa na mkate wenye soseji. Lakini Verlin, fundi bomba mstaafu asiyejua hata kupiga soga, akivaa kizibao kile alikuwa mtu mbele ya watu. Kanuni yao ilikuwa moja tu: ukishika fimbo, huna timu.

Mwaka ule vijana wa chuo walishinda mechi zote kumi, wakavuka mtoano raundi baada ya raundi, hadi nusu fainali ikaja nyumbani, theluji ikidondoka. Walikuwa nyuma kwa pointi nne, imebaki dakika moja, jaribio la nne. Mwenye mpira akajitosa kwenye rundo la miili. Refa akaita mnyororo upime kama yadi kumi zimetimia.

Walipoutandaza, Merle alimnong'oneza, "Usiuvute sana, ndugu yangu. Legeza kidogo tu."

Verlin akauvuta mpaka ukakaza. Mpira ulipungukiwa na upana wa vidole vitatu, ukapewa wageni, na msimu wa vijana ukaishia hapo.

Wageni wale ndio waliotwaa ubingwa. Januari kocha wao akamtumia Verlin kofia ya timu yao na kadi ya kumshukuru kwa uaminifu wake. Na yeye, mjinga wa Mungu, akakifungulia kifurushi mgahawani mbele ya wenzake wa kahawa ya asubuhi, akidhani watacheka pamoja.

"Walikununua kwa kofia moja, Verlin?" Merle aliuliza, macho yake kwenye kikombe. "Si ungetwambia, tungekupa mbili."

Walicheka kweli, ila bila yeye. Wahenga walisema msema kweli mpenzi wa Mungu. Hawakuahidi kwamba majirani nao watampenda. Tangu siku hiyo kiti cha pembeni yake kilibaki kitupu, na mabomba yakipasuka, watu waliozoea kumwita hata baada ya kustaafu walimwita fundi wa mji wa pili.

Agosti chuo kikampigia simu kwa upole, kikaomba arudishe kizibao, maana walitaka damu changa. Merle, anayemzidi miaka mitatu, alibakizwa.

Jumamosi ya kwanza ya msimu mpya Verlin alikuwa mezani jikoni na mkewe Arlene, wakila supu ya maharage na mkate wa mahindi. Shangwe za uwanjani zilifika hadi pale.

"Siku ile ingerudi," alisema, "ningelegeza."

Arlene alikuwa amejivunia miaka arobaini kuolewa na mtu asiyedanganya. Aliweka kijiko chini, akainuka, akafunga dirisha.