Kikombe cha tatu

Samahani kwa kimya cha mwezi mzima, majirani zangu wa ukurasa huu. Nilikuwa nikiwaza.

Watoto wangu wanataka nihame mtaa wangu wa Jericho, jijini, nikaishi mashambani. Wamenilipia nyumba ya wageni huku kwa siku mbili, nionje utulivu.

Nimeuonja. Tangu alfajiri nimezunguka ua mara nne, na aliyenitazama ni ng'ombe.

Leo wakati wa chai, mwenye nyumba, mama wa umri wangu, aliniuliza ninakotoka.

"Jericho."

Akaweka birika chini. "Mimi nilihama Makongeni, jijini humo humo. Wanangu walisema nitapumzika."

"Umepumzika?"

"Mzee, nyumba hii niliifungulia wageni ili nipate mtu wa kuzungumza naye."

Akanijazia kikombe cha tatu, ambacho sikukiomba. Nikakinywa polepole.

Mliohama, niambieni kweli. Watoto wanangoja jibu; nikishaamua, nitawaandikia hapa.