Karatasi ya Hansi Kule kwa Devi

"Umesema kwa mdomo wako mwenyewe, kaka! Mbele ya Devi! Watu kibao wamekusikia!"

Huyo ni baba mdogo, Kundan. Kasimama kwenye ua wetu, mtaimbo begani, mishipa ya shingo imemtoka kama mizizi.

"Kundan, shusha sauti. Majirani wanasikia," baba akamwambia.

"Majirani? Majirani ndio walionipigia simu! Wameniambia kaka yako kakiri, jiwe la mpaka alilisogeza yeye! Miaka kumi na moja unaniita mwongo, kumbe!"

"Sasa si wewe ndiye uliyenishtaki?"

"Nimekushtaki wapi?"

"Kwa Devi! Kothli!"

Baba mdogo akashusha mtaimbo. Akamtazama baba kama anamtazama mtu aliyetoka bila suruali.

"Mimi? Kothli sijakanyaga tangu nioe."

 Hata nyati wetu wa maziwa aliacha kutafuna.

Mzee wangu alikuwa amekiri kosa ambalo hakuna mtu aliyemshtakia. Kalikiri kwa sauti, mikono kifuani, mbele ya umati.

Na ile karatasi ya mashtaka yenyewe ilikuwa mfukoni mwangu.

Nilijikausha. Nikaegemea ukuta nikijifanya nafunga kamba za viatu.

Acha niwarudishe nyuma kidogo, maana hapo hamwezi kunielewa.

Mimi naitwa Girish. Nina miaka ishirini, shule nimemaliza, kazi sina. Vijana wa milima yetu wote ndoto ni moja tu, jeshi. Asubuhi unatukuta barabarani tunakimbia kama tumefukuzwa na chui. Nimekwenda kwenye usaili mara tatu. Mara zote tatu nimefia kwenye mbio, mzunguko wa mwisho, pumzi inakata, naona wenzangu migongo.

Mwaka huu mambo nyumbani yakawa noma. Nyati alikauka maziwa na ndama ana wiki mbili. Ukuta wa ghala ukaporomoka siku ambayo hata mvua haikunyesha. Mimi nikafeli mara ya tatu.

Baba akaenda kwa mzee wa kusoma mchele. Yule mzee akamwaga punje kwenye sinia, akazisukumasukuma kwa kidole, akasema, "Diwan Singh, nyumba yako imeshtakiwa. Nenda Kothli."

Kwetu mtu akidhulumiwa na hana wa kumsemea, anapanda hekaluni kwa Devi wa Kothli, mungu wetu wa kike. Anaandika shauri lake kwenye karatasi, analifunga kwenye uzi chini ya kengele, anashuka. Basi. Devi anaanza kazi. Na Devi wetu hana haraka, ila hasahau.

Ukitaka karatasi itolewe, kuna njia moja tu. Unapanda peku, unasimama mbele ya Devi, unalitaja kosa lako kwa sauti, kila mtu asikie. Ndipo kuhani anakata uzi.

Na ole wako uitoe kimyakimya.

"Ni Kundan tu huyo," baba alisema njia nzima. "Ni lile jiwe la mpaka. Tutataja, tutavunja nazi, yataisha."

"Kwani kweli ulilisogeza?" nikamuuliza.

"Hatua mbili tu. Wewe tembea."

Viatu tuliviacha chini kwenye kibanda cha chai. Mimi vyangu nilivificha nyuma ya gunia la makaa, maana ni viatu vya mbio, vya maana. Mkumbuke hivyo viatu.

Ilikuwa mwezi wa Chait, maua ya burans mekundu mlima mzima, na watu wamejaa. Baba alipomuuliza kuhani karatasi yetu iko wapi, kuhani akacheka bila kuinua macho.

"Diwan Singh, hizi ziko elfu na ushee. Nikushikie mkono? Tafuta mwenyewe. Mwenye kosa huijua karatasi yake."

Baba akaenda upande wa kushoto, mimi kulia. Tunatafuta mwandiko wa baba mdogo, ule wa kuku aliyekanyaga wino.

Nilisoma mengi humo, jamani. Kuna mtu kauziwa nyumbu kipofu, anaomba aliyemuuzia apofuke jicho moja tu, si mawili, yeye si katili. Kuna mama kamshtaki mkwewe kwa kumwekea chumvi kidogo makusudi. Nikawa nacheka peke yangu.

Halafu nikaiona.

Sikuona jina kwanza. Niliona pambizo. Mistari miwili ya wino imepigwa kwa rula upande wa kushoto, imenyooka kama karatasi ya mtihani.

Duniani namjua mtu mmoja tu anayechora pambizo hata kwenye orodha ya kwenda dukani. Dada yangu Hansi.

Kicheko kikakatika.

Nikaigeuza, nikasoma.

"Devi wa Kothli. Mimi ni Hansi, binti wa Diwan Singh. Barua yangu ya kuitwa chuo cha uuguzi ilifika, sikupewa. Aliyeizuia, mzuie. Nyumba iliyofunga njia yangu, yake isifunguke. Ila mdogo wangu Girish usimguse."

Nikaisoma tena.

Tarehe ilikuwa ya miaka mitatu nyuma, siku nne kabla ya harusi yake. Nakumbuka siku ile. Aliaga anakwenda Kothli, na sisi tukadhani anakwenda kuombea ndoa. Mama hata alimfungia nazi kwenye kitambaa chekundu.

Sasa niwaambie kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu.

Ile barua niliipokea kwa mkono huu hapa. Nilikuwa kwenye kibanda cha chai, mtu wa posta akapita, akasema, "Ya dada yako hii, kimbia umpelekee, leo kuna sherehe kwenu!" Nikakimbia kweli. Njiani nikakutana na baba.

Baba akaifungua, akaisoma, akaikunja.

"Harusi ya Hansi ni mwezi ujao. Nimeshatoa neno langu. Akiiona hii atagoma. Umenielewa?"

Nikamwambia nimemwelewa.

Akaitia kwenye jiko. Mimi nimesimama pale. Niliiona inajikunja, ile sehemu yenye jina lake ndiyo ikawaka mwisho.

Wiki iliyofuata baba akaniletea viatu vya mbio kutoka mjini. Vipya, ndani ya boksi. Hakusema ni vya nini. Sikuuliza.

Na Hansi, karibu mwezi mzima, kila asubuhi: "Girish, hujamwona mtu wa posta?"

"Sijamwona, dada."

Halafu tukampandisha gari la harusi.

Basi pale chini ya kengele mimi nilielewa hivi: Hansi hajui. Kamshuku baba, akaona mimi mtoto sina kosa, akaniombea nisiguswe. Roho iliniuma.

Kitu sahihi cha kufanya nilikijua. Niite kuhani. Niseme.

Nikageuka. Watu wamejaa. Kuna vijana wawili wa kijijini kwetu ninaokimbia nao. Kuna mabinti.

Nikaishiwa pozi. Nikaukata uzi kwa meno, nikaitia karatasi mfukoni.

Wakati huohuo upande wa pili nikasikia sauti ya baba. Karatasi ya Kundan hakuiona, akaona isiwe tabu, akiri tu, Devi ataitafuta mwenyewe.

"Mimi Diwan Singh! Jiwe la mpaka wa ndugu yangu nililisogeza hatua mbili!"

"Paza sauti!" watu wa nyuma wakapiga kelele.

"Hatua mbiliii!"

"Ongea ukweli, mzee!"

"...Tano!"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Mnaona sasa kwa nini baba mdogo alikuja na mtaimbo.

Siku ile pale uani alikwenda moja kwa moja shambani, akaling'oa jiwe, akalirudisha hatua tano mbele ya macho yetu. Akaongeza ya sita.

"Hiyo ya miaka kumi na moja ya kuniita mwongo," akasema.

 Baba akaingia ndani akajifunika blanketi mchana kweupe.

Mimi nikabaki uani na mama. Alikuwa anakaanga pua, yale maandazi yetu matamu, anayapanga kwenye kapu. Mwezi wa Chait kaka au mdogo wa kiume humpelekea kapu dada aliyeolewa. Kapu, kitambaa kipya na salamu za nyumbani. Mabinti huko walikoolewa husubiri siku hiyo mwaka mzima.

Mimi sijawahi kumpelekea Hansi. Chait zote tatu nilijidai nina mazoezi. Kapu lilikwenda na mpita njia.

"Mwaka huu unapeleka mwenyewe," mama akasema.

"Mama, mimi kesho..."

"Jana nilitaka kufua koti lako."

Nikashika mfuko wa koti.

"Mimi sijui kusoma," akasema bila kuniangalia, anageuza pua kwenye mafuta. "Ila hiyo mistari naijua. Nilimnunulia rula mimi. Chukua kapu."

Nikachukua.

Kwa kina Hansi ni kuvuka bonde, saa tatu za kutembea. Nilimkuta nyuma ya nyumba anashusha mzigo wa majani ya ng'ombe. Amekonda. Viganja vimepasuka kama ardhi ya kiangazi. Mikono ile ilikuwa inachora mifupa ya binadamu kwenye daftari, na majina yake yote pembeni.

Aliponiona alisimama kidogo.

"Makubwa. Leo jeshi limekupa likizo?"

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Ingia. Viatu vua mlangoni, mama mkwe hapendi matope."

Nikavua. Akavitazama.

Tukakaa jikoni. Mama mkwe wake alikuwa chumba cha pili anakohoa kile kikohozi cha mtu anayesikiliza. Hansi akafungua kapu, akavunja andazi moja, akanipa nusu. Nikaishika tu.

Nikatoa karatasi. Nikaiweka sakafuni kati yetu.

Hakuigusa.

"Umeitoa wewe?"

"Ndiyo."

"Ulitaja kosa?"

"...Hapana."

"Basi umeniibia mara ya pili."

 Mara ya pili? Nikaanza kubabaika. "Dada, ile barua, mimi siku ile..."

"Girish, najua."

"Unajua nini?"

"Mtu wa posta alinikuta kisimani wiki ileile. Akaniuliza, mwuguzi wetu, unaanza lini masomo? Nikamwambia bado nasubiri barua. Akasema, mbona nilimpa mdogo wako, alikimbia nayo kama mbuzi kafunguliwa kamba?"

"Ulijua! Na kila asubuhi ukawa unaniuliza kama nimemwona?"

"Nilikuwa nakupa nafasi. Kila asubuhi."

Chumba cha pili kikohozi kikakoma.

"Sasa kwa nini uliandika nisiguswe?"

 Akafuta unga mkononi.

"Ulikuwa na miaka kumi na saba. Nikasema huyu Devi amwache, atakuja mwenyewe kuniambia. Nikasubiri Chait ya kwanza, likaja kapu na muuza vyombo. Ya pili, likaja na dereva. Ya tatu, sijui hata yule alikuwa nani, alikuwa amekula nusu."

 Halafu, wenzangu, nikasema neno la kijinga kuliko yote niliyowahi kusema.

"Lakini dada, hata mimi laana imenipata. Nimefeli jeshi mara tatu."

Akanitazama. Mara ya kwanza siku ile akanitazama usoni kabisa. Akaichukua karatasi, akaweka kidole chenye ufa kwenye mstari wa mwisho.

"Soma."

"Dada..."

"Soma kwa sauti."

"Ila mdogo wangu Girish usimguse."

"Umeona? Devi hajakugusa. Zile mbio umeshindwa kwa miguu yako mwenyewe."

Angecheka ningepona. Hakucheka.

Nikamwambia nitairudisha Kothli, nitataja kosa mbele ya watu wote. Nikamwambia labda chuo bado, mwakani anaweza kuomba tena. Akanionyesha kwa kidevu mtoto aliyelala kwenye kona, chini ya shuka. Sikuwa hata nimemwona. Sikujua kama ana mtoto wa pili.

"Ukitaja, taja kwa ajili yako," akasema. "Mimi masomo yangu yalikuwa yanaanza tarehe kumi na mbili, mwezi wa nane. Hiyo tarehe Devi hawezi kuirudisha. Sikumwomba airudishe."

Halafu akauliza, polepole kabisa, "Hivyo viatu vya mlangoni ndivyo vile?"

"Ndiyo."

"Soli zimeisha."

Akanirudishia karatasi, akaanza kuwasha moto.

Ninaandika haya kwa sababu humu ndani kuna mtu anajiona salama kwa kuwa hajaadhibiwa. Ndugu yangu, usijipongeze. Huenda yule uliyemdhulumu ndiye aliyekuombea usiguswe, anasubiri tu uende ukaseme. Na kusubiri nako kuna siku kunaisha.

Nilisimama. Nikamwambia, "Dada, naenda."

"Nenda. Funga mlango, upepo unanizimia moto."

Nikatoka. Viatu nikavibeba mkononi, nikaenda peku, kama mtu anayepanda Kothli. Nikafunga mlango.