Bi Dorcas na Kamati ya Dharura

Bi Dorcas Kahonzi wa Ganda huchanja kuku. Mwaka wa kumi na moja huu anapanda Marafa na kikasha chake cha barafu, akiingia nyika za Dakacha kwa miguu, mji hadi mji, yaani boma hadi boma, kuwakinga kuku wa watu na ugonjwa wa kideri. Huko mtandao haupatikani ila juu ya kichuguu, tena kwa kumwomba Mungu. Na miaka hiyo yote mpango wake wa dharura ulikuwa mmoja tu: Mahadhi, mwendesha bodaboda wa Marafa. Asubuhi humwambia atapita njia gani. Akimbipu mara moja, amefika salama. Akimbipu mara mbili, njoo. Basi. Hata mbuzi angefahamu.

Lakini mwanawe, Nahashon, alikwenda semina ya siku tatu hotelini Malindi, akalishwa biriani, akarudi na akili mpya. Lo, debe tupu haliachi kuvuma! Mpango wa mamake akauita wa kizamani. Akaunda kundi la simu la watu hamsini na wanane, lenye mwenyekiti (yeye, nani mwingine?), katibu, na mchungaji awe mlezi. Kukawa na rangi pia: kijani salama, manjano tahadhari, nyekundu hatari. Akamnunulia mamake simu pana kama kigae, akaihamishia laini yake.

"Mama, usiwe unampigia mtu mmoja mmoja. Ukipatwa na jambo, andika kundini. Huo ndio utaratibu."

"Watakuja wote hamsini na wanane?"

"Mama nawe!"

Bi Dorcas akamdharau kimoyomoyo. Afanyeje? Mjinga wako ni wako.

Alhamisi moja, saa nne asubuhi, yuko njiani peke yake baina ya miji miwili, nyoka, moma mwenye sumu kali, akamgonga mguu. Akajikokota hadi juu ya kichuguu na, kwa ajili ya mwanawe, akafuata utaratibu. Akajaribu kuandika NYEKUNDU. Simu ikamwambia wasimamizi pekee ndio wanaoruhusiwa kuandika. Akajaribu tena, vilevile. Kumbe jana yake mwenyekiti alikuwa amelifunga kundi, maana watu walizidi kutumiana picha za maua na salamu za baraka, naye hapendi utovu wa nidhamu. Kundi la dharura, ati, limetiwa kufuli! Akampigia mwenyekiti mwenyewe. Imezimwa, bwana mkubwa yuko mkutanoni.

Nusu saa ikapotea katika upuuzi huo, na mguu unavimba. Mwishowe Bi Dorcas akatoa tusi ambalo mama wa kanisa hatakiwi hata kulijua, akabonyeza nambari ya Mahadhi, aliyoijua kwa kichwa. Ikalia, akakata. Akapiga tena, akakata.

Mahadhi hakuuliza rangi. Alimshusha abiria wake palepale barabarani, akaifuata njia aliyotajiwa asubuhi, akamkuta kalala chini ya kichuguu. Akamfunga mgongoni pake kwa leso ya Bi Dorcas mwenyewe, akamkimbiza hospitali. Mguu uliokoka. Vidole viwili vilikatwa, na daktari alisema wazi kwamba angefika mapema kidogo, vingenusurika.

Siku ya pili Nahashon akaingia wodini na fulana ya kamati, fomu ya ripoti mkononi.

"Pole, Mama. Tumeona penye upungufu. Nimeongeza rangi ya nne."

Bi Dorcas akamtazama kutoka unyayoni hadi utosini.

"Weka fomu yako chini. Nitajie nambari yangu ya simu."

Nahashon akatia mkono mfukoni.

"Iache hiyo simu. Nitajie kwa kichwa. Nambari ninayo ileile tangu uko darasa la tano."

Nahashon akaanza, "Sufuri saba..." akaishia hapo. Mahadhi, aliyekuwa akimmenyea mgonjwa chungwa, akainamisha kichwa kwa aibu isiyokuwa yake.

"Nenda zako, mwenyekiti," akasema Bi Dorcas, akageukia ukutani.